Pointi 4.6 kwa mechi: kisa cha mchezaji wa akiba aliyekaribia kuachwa dirisha dogo

Kisa hiki kinahusu klabu ya wanaume ya mpira wa kikapu inayocheza ligi ya mkoa jijini Dar es Salaam. Jina la klabu, msimu, wapinzani na viwango vya posho vimeondolewa, na wachezaji wametajwa kwa herufi tu.

Hali ilivyokuwa

Mzunguko wa kwanza ulimalizika klabu ikiwa imecheza mechi 14, imeshinda 7 na kufungwa 7. Ilikuwa imefunga pointi 952 na kufungwa 938. Timu ya katikati ya msimamo, basi. Haijazama na haitishi.

Mchezaji A alikuwa namba nne (mtu mkubwa wa mbele, karibu na ringi) anayeweza kushuka kucheza namba tatu (wa pembeni). Mara nyingi alianzia benchi na kucheza dakika 16 kwa mechi, kwa wastani wa pointi 4.6 na ribaundi 2.9. Mwenye karatasi hiyo mkononi hana sababu ya kumtazama mara mbili. Dirisha dogo lilipokaribia, akapatikana mchezaji B wa klabu nyingine ya mkoa huohuo, mfungaji wa pointi 14.1 kwa mechi, aliyekuwa tayari kuhama kwa posho mara tatu ya ile ya A. Hazina haikuweza kuwabeba wote wawili.

Mweka hazina na wajumbe wawili wa kamati waliona hesabu iko wazi: posho mara tatu, pointi mara tatu, na juu yake jina linalojaza jukwaa. Kocha alikataa, lakini alipobanwa aeleze kwa nini, alikuwa na sentensi moja tu: "Huyu akiwepo, timu inatulia." Kamati haiwezi kuidhinisha malipo kwa sentensi ya namna hiyo. Ikaamuliwa watunza takwimu wawili wa klabu wapewe wiki moja walete hesabu.

Data zilikotoka

Karatasi rasmi ya mezani inaonyesha mfuatano wa vikapu, nani amefunga, na faulo za kila mtu. Haionyeshi nani walikuwa uwanjani kikapu kilipofungwa. Kwa bahati njema, tangu mwanzo wa msimu watunza takwimu hao walikuwa na fomu yao. Mmoja anatazama mchezo na kutamka, mwingine anaandika: kila mabadiliko, saa ya mchezo, matokeo wakati huo, na alama moja kwa kila zamu ya mpira kwa kila upande. Zamu ni kipindi chote timu inapoushika mpira mpaka ifunge, iupoteze, au mpinzani auchukue. Ribaundi ya ushambuliaji haianzishi zamu mpya, inairefusha ileile.

Makosa ya fomu hizi yanajulikana, na yote yalijitokeza. Kubwa zaidi ni mabadiliko yanayofanyika katikati ya mitupo huru. Faulo imechezwa A akiwa ndani, mtupo wa kwanza umeingia, A anatoka, mtupo wa pili unaingia. Pointi zote mbili ni za kikosi kilichokuwepo faulo ilipotokea, lakini mwandishi aliyechoka humpa ya pili aliyeingia. Kosa la pili ni mabadiliko ya wakati wa mapumziko mafupi, ambapo wachezaji watatu wanaingia kwa mpigo na mmoja anasahaulika. Dawa yake ni moja: jumla ya pointi za vipande vyote vya mechi lazima ilingane na matokeo ya mwisho, upande wa kwetu na upande wa wapinzani. Mechi mbili hazikufunga hesabu mpaka vipande vyake vikapitiwa upya dhidi ya karatasi ya mezani.

Kulikuwa pia na video za mechi 4, zilizopigwa kwa simu iliyosimamishwa juu kwenye kona ya jukwaa. Ubora wake wa kawaida, ila wachezaji wote kumi wanaonekana, na kwa kazi hii hilo ndilo la maana.

Hatua ya kwanza: pointi kwa nafasi, si kwa mechi

Wastani wa pointi kwa mechi unachanganya vitu vitatu: dakika, idadi ya mitupo, na ustadi. Watunza takwimu wakavitenganisha.

Kwa mechi 14, A alikuwa na mitupo ya pointi mbili 13 kati ya 24, ya pointi tatu 11 kati ya 30, na mitupo huru 5 kati ya 8. Jumla pointi 64. Alipoteza mpira mara 9 ndani ya dakika 224.

Kwa B zilipatikana karatasi za mechi 13: pointi mbili 48 kati ya 112, pointi tatu 19 kati ya 77, mitupo huru 30 kati ya 47. Jumla pointi 183, na mipira 52 iliyopotea.

Kipimo cha ufanisi halisi wa mitupo ni pointi kugawanya kwa mara mbili ya jumla ya mitupo ya kawaida na 0.44 ya mitupo huru. Namba 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru miwili kwa kawaida ni nafasi moja, na mingine huja juu ya kikapu kilichokwisha kuingia au kwa faulo ya kiufundi. Imetokana na data za Marekani, lakini kwa matumizi haya inatosha.

A: 64 ÷ (2 × (54 + 3.52)) = asilimia 55.6.
B: 183 ÷ (2 × (189 + 20.68)) = asilimia 43.6.
Timu nzima ya klabu: asilimia 46.8.

Ukiongeza mipira iliyopotea, A alizalisha pointi 0.96 kwa kila nafasi aliyoimaliza yeye, B pointi 0.70, na timu kwa jumla 0.76. Kwa maneno mengine, mfungaji wa pointi 14 alikuwa akila nafasi ambazo wenzake wa kawaida wangezitumia vizuri zaidi.

Ingekuwa rahisi kufunga mjadala hapo, na mjumbe mmoja alitaka hivyo. Lakini A alimaliza asilimia 13.3 tu ya nafasi za timu akiwa uwanjani, ilhali mgawo sawa kwa watu watano ni 20. B alimaliza takriban asilimia 27. Anayetupa tu akiwa wazi hawezi kulinganishwa moja kwa moja na anayepewa mpira saa ya mtupo ikiwa imebakiza sekunde nne. Dean Oliver, mmoja wa waasisi wa uchambuzi huu, alilieleza jambo hilo zamani: mzigo ukipanda, ufanisi wa wachezaji wengi hushuka. Kwa hiyo hatua hii ilithibitisha kitu kimoja tu, kwamba A hakuwa mzigo kwenye ushambuliaji.

Vipimo vinavyomfupisha mchezaji mzima kuwa alama moja, kama PER ya John Hollinger, viliwekwa kando. PER huhesabu karibu kila kinachoandikwa kwenye karatasi na haihesabu karibu chochote kisichoandikwa, na mchezaji wa aina ya A anaishi kwenye visivyoandikwa. Pia inahitaji jumla za ligi nzima, ambazo klabu haikuwa nazo.

Hatua ya pili: plasi-mainasi, na kuimenya

Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Plasi-mainasi ni pointi ambazo timu imefunga ukitoa ilizofungwa mchezaji fulani akiwa uwanjani. A akiwa uwanjani, zamu 431, timu ilifunga 401 na kufungwa 358. Akiwa nje, zamu 647, ilifunga 551 na kufungwa 580. Kwa kila zamu 100 hiyo ni +10.0 akiwepo na −4.5 asipokuwepo. Tofauti ya pointi 14.5. Mchezaji anayebeba tofauti halisi ya ukubwa huo angekuwa nyota wa ligi, si mtu wa dakika 16. Namba ikiwa nzuri kiasi hicho, kazi ya kwanza ni kutafuta ilikovimbia.

Ganda la kwanza: dakika zisizo na maana. Zamu zote za robo ya nne zilizochezwa tofauti ikiwa pointi 20 au zaidi zikaondolewa. A alipoteza zamu 38 zilizokuwa na +15, nyingi akiwa dhidi ya vijana wa benchi la mpinzani. Zikabaki zamu 393 na +28, sawa na +7.1. Upande wa akiwa nje zikabaki zamu 606 na −23, sawa na −3.8. Tofauti imeshuka hadi 10.9.

Ganda la pili: anacheza na nani. A alikuwa akiingia karibu kila mara akimkuta gadi G, namba moja na moyo wa timu. Zamu zikagawanywa makundi manne:

A na G pamoja: zamu 331, +31, yaani +9.4 kwa zamu 100.
G bila A: zamu 440, −2, yaani −0.5.
A bila G: zamu 62, −3, yaani −4.8.
Wote wawili nje: zamu 166, −21, yaani −12.7.

Mstari wa mwisho unaonyesha G ana uzito gani. Lakini kulinganisha kwa haki ni mstari wa kwanza na wa pili, ambako G yupo pande zote: 9.4 dhidi ya −0.5. Mstari wa tatu ni wa kusoma na kuuacha, kwa kuwa zamu 62 hazifikii hata mechi moja.

Ganda la tatu: wapinzani aliokutana nao. A alikuwa na ajira ya shifti mahali ambapo kufika uwanjani jioni ni lazima upite barabara ya Mandela, na kila anayeijua foleni yake anajua maana yake. Mara tatu alifika robo ya kwanza imeanza, na hata alipowahi, kocha alizoea kumwingiza robo ya pili. Hivyo sehemu kubwa ya dakika zake ilikuwa wapinzani wakipumzisha wakali wao. Klabu haikuwa na fomu ya vikosi vya wapinzani, kwa hiyo ganda hili halikumenyeka. Liliandikwa tu kwenye ripoti kwamba namba ya A inaelekea kuwa kubwa kuliko stahili yake.

Ganda la nne: bahati ya pointi tatu za wapinzani. Akiwa uwanjani walitia 19 kati ya 98, asilimia 19.4. Akiwa nje walitia 41 kati ya 150, asilimia 27.3. Mlinzi anaweza kupunguza idadi ya mitupo ya pointi tatu, lakini uwezo wake wa kubadilisha asilimia inayoingia ni mdogo mno kwa sampuli kama hii. Wapinzani wangetupa kwa wastani wao wa jumla, asilimia 24.2, A akiwepo wangetia karibu vikapu 5 zaidi, sawa na pointi 14 hivi. Theluthi ya ile +43 ya mwanzo (401 toa 358) ilikuwa ringi na upepo wa jioni.

Mwisho, swali ambalo watu wengi huliruka: hata hiyo tofauti iliyobaki, ina uhakika kiasi gani? Matokeo ya zamu moja ni sifuri, moja, mbili au tatu, na hutawanyika kwa takriban pointi 1.1 kuzunguka wastani. Kwa zamu 331 za kushambulia na 331 za kulinda, kosa sanifu (kiasi ambacho bahati tupu huweza kuisogeza namba) la tofauti kwa zamu 100 ni 110 × √(2 ÷ 331), karibu 8.6. Kwa zamu 440 ni 7.4. Ukiyaunganisha, tofauti ya 9.9 kati ya mistari ile miwili ina kosa sanifu la zaidi ya 11. Yaani inaweza kuwa ishirini, na inaweza kuwa sifuri.

Kule Marekani, ambako kila timu ya NBA hucheza mechi 82 za msimu na kila zamu huandikwa, wachambuzi hutumia hesabu ya regresheni inayowatenganisha wachezaji kumi kwa pamoja na kuzibana namba zenye ushahidi mdogo kuelekea sifuri. Hata huko, msimu mmoja hutoa majibu yenye kelele nyingi, yaani mtikisiko wa bahati. Kwa mechi 14 za ligi ya mkoa, regresheni hiyo ingetoa desimali nzuri na uelewa uleule.

Hatua ya tatu: ribaundi ambazo hakuzichukua

Kwa kuwa tofauti ya pointi ina kelele, watunza takwimu wakashuka kwenye vipande vinavyoitengeneza: ubora wa mitupo, kupoteza mpira, ribaundi, na kufika mstari wa mitupo huru. Vitatu havikuonyesha kitu cha kushika. Kimoja kilionyesha.

A akiwa uwanjani, wapinzani walipata ribaundi 58 za ushambuliaji kati ya nafasi 242, asilimia 24. Akiwa nje, 121 kati ya 367, asilimia 33. Kosa sanifu la tofauti hiyo ya asilimia 9 ni 3.7. Hapa ishara ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kelele, na jambo lenyewe linatokea mara nyingi kila mechi, tofauti na pointi tatu.

Cha ajabu ni kwamba A mwenyewe hakuwa mkusanyaji. Alichukua ribaundi za ulinzi 31 kwa mzunguko wote wa kwanza, asilimia 12.8 ya nafasi 242 zilizokuwepo akiwa ndani, kiasi cha kawaida kabisa kwa namba nne. Mchezaji wa NBA Shane Battier, alipokuwa Houston Rockets chini ya meneja mkuu Daryl Morey, alijulikana kwa jambo la aina hiyo: karatasi nyembamba, timu bora akiwemo.

Video zikajibu. Kwa kila mtupo wa mpinzani, mchambuzi alisimamisha picha mpira ukiwa hewani na kuuliza swali moja la ndiyo au hapana: je, mchezaji wetu amegusa mwili wa mpinzani wake na kumwekea mgongo kabla mpira haujagonga ringi? A alifanya hivyo mara 71 kati ya 92, asilimia 77. Mchezaji C, namba nne aliyeanza mechi nyingi, mara 39 kati ya 88, asilimia 44. C alikuwa anaruka vizuri kuliko A na alikuwa na ribaundi nyingi zaidi kwenye karatasi. Lakini C anaukimbilia mpira, na mtu wake anabaki huru nyuma yake. A anamziba mtu, mpira unadondoka, namba tano (mchezaji wa kati) au G anauokota, na karatasi inamwandika aliyeokota.

Thamani yake ikakadiriwa. Asilimia 9 ya nafasi 242 ni ribaundi 22 ambazo wapinzani hawakuzipata. Kila moja ingewapa nafasi mpya yenye thamani ya pointi 0.88 hivi, kwa makadirio ya chini, maana mpira huo huwa tayari uko chini ya ringi. Jumla pointi 19, sawa na pointi 4.4 kwa kila zamu 100. Hii ndiyo namba iliyopelekwa kwenye kamati, si ile 14.5.

Uamuzi

Kamati iliamua mambo matatu. A abaki, na B asisajiliwe. Dakika za A zipande kutoka 16 hadi karibu 25, kwa kadiri iwezekanavyo akiwa na G. Na asiongezewe majukumu ya kufunga: hakuna mchezo mpya uliochorwa kwa ajili yake, atupe akiwa wazi kama awali.

Sababu zilizoandikwa kwenye muhtasari ni ribaundi za wapinzani, gharama ya B kwa kila pointi ya ziada, na asilimia 36.7 ya A kwenye pointi tatu, ambayo kocha alisema italazimisha walinzi wasimwache. Sababu hii ya tatu iliingia bila mtu kuipima.

Kilichotokea

Mzunguko wa pili timu ilishinda mechi 9 kati ya 14, na tofauti yake ikapanda kutoka +1.3 hadi +4.1 kwa zamu 100. Ribaundi za ushambuliaji za wapinzani zilishuka kutoka asilimia 29.4 hadi 26.8 kwa mechi nzima. Si yote ni ya A. Wapinzani wawili walipoteza wachezaji wao dirisha dogo, na G hakuumia.

A alifunga pointi 6.0 kwa mechi, lakini ufanisi wake halisi ulishuka hadi asilimia 47.8. Pointi tatu zilikuwa 14 kati ya 52, asilimia 26.9. Alitolewa kwa faulo tano katika mechi tatu.

Katika hatua ya mtoano, ya mechi tatu ambapo anayeshinda mbili ndiye anayesonga, mpinzani alikuja na mpango. Alimpangia A namba tano wake mzito, akamwamuru asimfuate nje ya eneo la chini ya ringi. G alipopenya alikuta ukuta. A aliachwa peke yake kwenye kona, na katika mechi mbili za kwanza alitia pointi tatu 2 kati ya 11. Timu ilifungwa ya kwanza na kushinda ya pili kwa shida. Wakati wa mapumziko ya mechi ya tatu kocha alibadilisha: A akatolewa kona, akawa anamwekea G skrini (kumzibia mlinzi wake njia) juu na kukata kupitia mstari wa nyuma mlinzi wake anapogeuza kichwa. Alipata vikapu vinne chini ya ringi. Robo mbili za mwisho zilikuwa sare, lakini pengo la kipindi cha kwanza lilibaki, timu ikafungwa kwa pointi 4 na kutolewa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuihoji namba kubwa badala ya kuishangilia. Kama klabu ingepeleka 14.5 kwenye kamati, ingeahidi kitu ambacho hakipo. Ile 4.4 ya ribaundi ilikuwa ndogo, ina sababu inayoonekana kwa macho, na ilisimama mzunguko wa pili. Kwa klabu zetu, zenye mechi chache, mpangilio huu una tija kuliko fomula yoyote nzito: anza na tofauti akiwepo na asipokuwepo, menya, tafuta kipande kinachotokea mara nyingi, kisha ukakione kwenye video.

Kosa la faulo lilikuwa la kuhesabika mapema. A alicheza faulo 34 kwa dakika 224, moja kila dakika 6.6. Kwa dakika 25 hiyo ni faulo 3.8 kwa mechi, na wastani wa 3.8 maana yake kuna siku tano zitafika. Hakuna aliyeifanya hesabu hiyo ya mstari mmoja, kwa sababu kwa dakika 16 faulo 2.4 hazimsumbui mtu.

Kosa la pointi tatu ni zito zaidi. Mitupo 30 ina kosa sanifu la karibu asilimia 9, asilimia 36.7 ingeweza kutoka kwa mtupaji wa 27 au wa 45. Njia ya haraka ni kumwongezea mchezaji mitupo ya kubuni yenye wastani wa ligi. Karatasi za klabu zilionyesha mkoa hutupa kama asilimia 25. Ukimwekea A mitupo 100 ya kiwango hicho, unapata (11 + 25) ÷ (30 + 100), yaani asilimia 27.7. Mzunguko wa pili akatupa 26.9. Namba 100 si takatifu, ukitumia 80 au 150 jibu halisogei sana. La msingi ni kutoiamini mitupo 30 kama ilivyo.

Hukumu dhidi ya B nayo ilikuwa na pengo. Ufanisi wa asilimia 43.6 ulipimwa kwenye timu ambayo hakuna mwingine wa kuubeba mpira. Akiwa na G pembeni, akimaliza asilimia 18 ya nafasi badala ya 27, pengine angekuwa mchezaji mwingine. Ilitosha kutazama mechi zake mbili na kutenganisha mitupo aliyopokea pasi na kutupa, na ile aliyojitengenezea akiwa amebanwa. Kazi ya jioni mbili, na posho ile kwa hali yoyote isingelipika, lakini kamati iliamini imemkataa kwa sababu ya uwezo wakati ukweli ni kwamba ilimkataa kwa bei.

La kujifunza zaidi liko kwenye mtoano. Ligi ya mkoa ya kawaida mpinzani anakuona mara mbili kwa msimu, na wengi hawajiandai kwa mtu mmoja mmoja. Kwenye mtoano anakuona mara tatu mfululizo, na jambo la kwanza analotafuta ni mchezaji wa kumwacha. Takwimu za mzunguko wa kwanza zilipima A alivyotumia nafasi zake, hazikupima walinzi walikuwa wanasimama wapi yeye akiwa hana mpira.

Data hizo zilikuwepo. Baada ya kutolewa, zile video 4 za mzunguko wa kwanza zilipitiwa tena, picha ikisimamishwa kila G anapovuka mstari wa pointi tatu kupenya. Mlinzi wa A alikuwa na mguu ndani ya eneo la chini ya ringi mara 38 kati ya 61, asilimia 62. Mlinzi wa C mara 21 kati ya 58, asilimia 36. Wapinzani walikuwa wameanza kumwacha tangu mwanzo. Timu iliokolewa na ile mitupo 11 iliyoingia.

Fomu ya msimu uliofuata ina safu mbili mpya. Moja ni ya kuziba: ndiyo au hapana, kwa kila mtupo wa mpinzani. Nyingine ni ya mguu wa mlinzi: ndani au nje, kwa kila G anapopenya, kwa wachezaji wawili wa pembeni tu ili mwandishi asizidiwe. Zote hujazwa nyumbani kutoka kwenye video, mechi moja huchukua kama saa moja na nusu, na simu huwekwa nyuma ya ringi badala ya kona ya jukwaa, maana kutoka pembeni mguu wa mlinzi wa upande wa mbali hufunikwa na miili ya wenzake.